Meza ya Glavu Karibu na Mlango

Irja Rautio aliuza glavu, skafu na kofia za sufu katika Duka la Cattermole hapa Thunder Bay, kwenye ile sehemu ya mji ambayo sisi tuliozaliwa zamani bado tunaiita Port Arthur. Meza yake ilikuwa ghorofa ya chini, ya kwanza kabisa ukiingia kwa mlango mkubwa. Mimi nilikuwa nyuma yake, kwenye viatu vya wanawake, kwa hiyo miaka yote niliyofanya naye kazi niliuona mgongo wake kuliko uso wake. Ulikuwa mgongo ulionyooka. Mteja akija, Irja hakuanza na bei wala kumsifia bidhaa. Alimwomba aegemeze kiwiko mezani, anyooshe vidole juu, halafu akamvisha glavu taratibu, kidole kimoja kimoja, akiisukuma ngozi mpaka ikae. Nimeona wanaume wenye mikono kama majembe, watu wa maghala ya nafaka kule bandarini, wakitulia pale kama watoto wanaofungwa vifungo vya shati.

Wakati ninaousimulia, duka lilikuwa linakufa. Jumba jipya la maduka lilikuwa limejengwa nje ya mji, maegesho bure, na watu wakahamia huko. Mgahawa wetu wa ghorofa ya tatu ulifungwa, mahali pake pakajazwa masanduku. Lifti ilifanya kazi siku ilizotaka yenyewe. Na juu ya hayo kulikuwa na wizi. Makoti ya ngozi yaliondoka pamoja na hanga zake. Manukato yalipotea yangali ndani ya maboksi. Kila tulipohesabu mali, tulikuta pengo, na kwa udogo wake hakuna meza iliyokuwa na pengo kubwa kama ya Irja.

Majani yalipoanza kuanguka, wenye duka wakamleta meneja mpya kutoka Winnipeg, jina lake Orrin Maddock. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kufuta miwani kila alipotaka kusema jambo lisilopendeza. Siku ya kwanza alitukusanya kabla ya kufungua mlango, akatuambia bila kuzunguka kwamba amepewa mpaka theluji itakapoyeyuka. Mauzo yakipanda na wizi ukipungua, duka litabaki. La sivyo, jengo linauzwa. Akafuta miwani. Mzee Lucien Thibault, mlinzi wetu, aliyekuwa polisi kabla ya magoti kumshinda, akaninong'oneza, "Stasia, huyu akiifuta mara nyingine tutajikuta barabarani."

Maddock alianza na wizi, kwa kuwa ndio uliohesabika. Akaleta makabati ya vioo yenye kufuli. Manukato yakaingia humo, saa zikaingia, na glavu za Irja zikaingia pia. Makoti ya ngozi yakapitishiwa mnyororo mikononi kama wafungwa wanaopelekwa mahakamani. Vioo vya duara vikaning'inizwa kwenye pembe, kamera zikawekwa juu ya ngazi, na jioni sisi wenyewe tulipanga mstari mlangoni, Thibault atupekue mikoba. Maskini alikuwa anaona haya. Alifungua mkoba wangu huku akiangalia dari.

Kabla fundi hajalifikia eneo lake, Irja alimfuata Maddock na kumwomba aiache meza moja tu, ile ya skafu na kofia iliyo karibu na mlango. Alimwambia kwamba kitu cha sufu lazima kiguswe. Maddock akamjibu kwa adabu kwamba meza hiyo ndiyo inayoibiwa kuliko zote, na kwamba akiwaachia watu wa meza moja, kesho wa meza nyingine watakuja. Irja hakubishana. Nilimwona akisimama pembeni wakati fundi anafunga kufuli, mikono ameikunja kifuani, kama mtu anayeangalia kaburi likifukiwa.

Wizi ukapungua, hilo halina ubishi. Mauzo nayo yakapungua. Mtu aliingia kutoka kwenye baridi, akaona vioo, akasubiri ufunguo utafutwe, akabandikwa macho akiwa anaangalia glavu moja, akashukuru na kutoka. Tulikaa siku nzima tukitazamana na bidhaa zetu.

Irja alibadilika. Alikuwa anakula kidogo tangu mumewe Veikko afariki, lakini sasa hata ule mkate wake mweusi wa shayiri alikuwa anaurudisha nyumbani jinsi ulivyokuja. Mlango ukifunguka, kichwa chake kiliinuka. Aliyeingia akishaonekana ni nani, kichwa kinarudi chini. Mwanzoni nilidhani ana hofu ya kufukuzwa, kwa sababu minong'ono ilikuwepo. Wapo waliosema kwamba mezani pake palipotea vitu vingi mno kwa mtu mwenye macho mazuri kama yeye.

Mapema mwezi wa Desemba, tukiwa wawili kwenye chumba cha mapumziko, nilimnunulia persian, ile mikate yetu ya kukaanga yenye sukari ya waridi juu, nikamwambia hatoki pale mpaka aimalize. Akaushika mkate, akaulaza tena kwenye karatasi, akaniambia kwamba Sirkka haji tena.

Sirkka ni binti yake. Nilimjua tangu alipokuwa anakuja dukani baada ya shule, anakaa chini ya meza ya mama yake akipaka rangi picha kwenye karatasi za kufungia. Nilijua pia, kama mji mzima ulivyojua, kwamba alipokua aliingia kwenye vidonge, akaanza kuchukua vitu nyumbani, saa ya baba yake, redio, mwisho mashine ya cherehani. Siku moja aliporudi alikuta ufunguo wake haufungui mlango. Alipiga hodi, hakuna aliyemjibu, akaondoka. Nilichokuwa sijui ni kile Irja alichoniambia siku ile. Veikko ndiye aliyebadilisha kitasa, lakini mwanga wa pale mlangoni ulikuwa hafifu, na yeye Irja ndiye aliyemshikia tochi.

"Nilimmulikia," alisema. "Aliniambia sogeza kidogo kushoto, nikasogeza."

Baada ya hapo hawakusikia habari zake. Veikko aliugua, akafa, akazikwa, na hawakujua wapi pa kumpelekea taarifa. Kisha, majira ya baridi yaliyopita, Irja alikuwa anakunja skafu, akaona kwenye kioo cha kujaribia kofia mkono ukinyooka nyuma yake, mkono mwembamba ndani ya koti la kiume, ukachukua glavu zenye manyoya ndani. Hakuhitaji kuona uso. Alijua ule mwendo wa kutembea bega moja likiwa mbele kidogo. Alibaki ameshika skafu mpaka mlango ukafungwa.

Hakusema kwa mtu. Sirkka aliporudi tena, Irja alikuwa tayari ameweka kofia nzito pembeni kabisa ya meza, upande wa mlango. Ikachukuliwa. Siku nyingine skafu. Irja hakugeuka hata mara moja.

"Akichukua kofia nilikwenda nyumbani nikalala," aliniambia. "Nilijua usiku huo masikio yake hayagandi. Nilijua yupo, anatembea, bado anajua mlango wa kwetu ni upi. Sasa tumefunga, Stasia. Safari hii kwa kufuli la watu wengine, lakini ni yale yale."

Ni kweli kwamba lilikuwa kosa, na yeye alijua ni kosa, maana aliniambia mwenyewe kwamba kama mtu mwingine angefanya hivyo mezani pake, yeye angekuwa wa kwanza kumpeleka kwa Thibault. Ni kweli pia kwamba nyumbani nina mabinti wawili. Nilimwuliza anataka kufanya nini. Akasema anataka kwenda kwa meneja, na akaniomba nifuatane naye, si kusema lolote, ila kusimama karibu.

Maddock alikuwa ofisini kwake anakula supu kwenye kikombe. Alitukaribisha tukae. Irja hakukaa.

"Ni binti yangu," alisema. "Si vyote vilivyopotea kwangu, lakini zile kofia, na skafu nzito, na glavu za manyoya. Nilimwona."

"Ulimwona akiiba?"

"Nilimwekea pembeni ili asipate taabu."

Nilitegemea ataifuta miwani. Hakuifuta. Aliweka kikombe chini.

"Kwa nini hukumwita?"

"Nikimwita atakimbia, na akikimbia hatarudi. Akiiba, atarudi."

Nje, lori la kusafisha theluji lilikuwa linapita, dirisha likatetemeka kidogo. Mwishowe Maddock akamwuliza anataka afanyiwe nini, kwa sababu kwa hayo aliyoyasema anastahili kufukuzwa siku hiyo hiyo.

"Nifukuze," Irja akasema. "Lakini kabla hujanifukuza, fungua ile meza. Baridi imekwisha anza."

Maddock akatuambia turudi kazini, basi. Tulishuka ngazi bila kujua kama Irja bado ana kazi au hana.

Siku zilizofuata tulimwona Maddock mahali ambapo hatukuwahi kumwona, mlangoni, amevaa koti lake kama mtu aliyeingia sasa hivi. Alisimama pale akiangalia wanaoingia. Aliwaona wakipunguza mwendo mbele ya vioo. Mama mmoja, mteja wetu wa zamani sana, alidhani naye ni mteja, akamwambia kwa masikitiko kwamba alikuwa anakuja Cattermole tangu akiwa amebebwa, lakini siku hizi akiingia anajisikia kama amekuja kumtembelea mtu gerezani. Kisha akatoka hajanunua kitu. Maddock alirudi juu kwa ngazi, kwa kuwa lifti ilikuwa imegoma, na jioni hiyo taa ya ofisini kwake ilikuwa bado inawaka sisi tulipokuwa tunavaa mabuti.

Asubuhi moja akatukusanya tena. Alisema kwamba amekosea. Alisema hivyo hivyo tu, halafu akatueleza mpango mwingine. Makabati yatafunguliwa, isipokuwa ya saa. Minyororo itatolewa. Mgahawa wa juu utarudi, hata ukiwa na supu na chapati za Kifini tu. Wale tuliokuwa tumejificha nyuma ya kaunta tutatoka, tusimame kati ya wateja. Na hakuna mtu atakayeingia katika duka hili, awe amevaa manyoya ya mbweha au mfuko wa plastiki miguuni, bila kuangaliwa usoni na kusalimiwa. Mwizi anataka asionekane, alisema. Mteja anataka aonekane. Basi tuwaone wote.

Thibault aliguna kwamba sasa amekuwa bawabu wa hoteli, kilichobaki ni kofia yenye kamba za dhahabu. Watu wakacheka, na ilikuwa muda mrefu hatujacheka kabla ya saa ya kufungua.

Tulipotawanyika, Maddock alikuja kwenye meza ya Irja. Mimi nilikuwa napanga mabuti, sikujisogeza.

"Meza yako itakuwa wazi," alimwambia. "Lakini wewe ndiye wa kwanza mtu akiingia. Akija, utamsalimia kama unavyowasalimia wengine."

"Atakimbia."

"Inawezekana."

"Unaniambia nimfukuze mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe, Bwana Maddock."

"Nakuambia umkaribishe. Siwezi kukuacha uendelee kumwekea vitu vya duka pembeni, na sitaki kumwita polisi. Sioni kingine kilichobaki, Bi Rautio. Ningekiona ningekwambia."

Irja akaanza kutoa glavu kwenye kabati na kuzipanga mezani. Alizipanga zote katikati.

Sitasema kwamba duka lilipona kwa siku moja. Lakini harufu ya siagi ilipoanza kushuka ngazi kutoka ghorofa ya tatu, watu waliokuwa wamekuja kununua soksi tu walipanda juu, na wakiwa wanashuka walipitia kwenye sufuria, kwenye mashuka, kwenye viatu vyangu. Watu wa maghala walirudi kuvishwa glavu. Wengine nadhani walikuwa nazo tayari. Wake zao waliwanunulia skafu, nao wakawanunulia wake zao manukato, kwa kuwa sasa uliweza kuifungua chupa na kunusa.

Wezi nao walikuja. Siku moja kabla ya Krismasi waliingia watu watatu wenye makoti mapana, mwanamke na wanaume wawili, ambao Thibault aliwatambua tangu enzi zake za upolisi. Hakuwafuata. Aliwafungulia mlango na kuwauliza kama nje bado kunaanguka theluji. Irja akawasalimia. Mimi nikamwuliza yule mwanamke anavaa namba gani ya kiatu. Kwenye makoti ya ngozi kijana wetu wa mauzo akataka kumpima mmoja wao mabega. Kila walipogeuka kulikuwa na mtu anayetabasamu na kutaka kuwasaidia, mpaka mmoja akatoka jasho. Waliondoka na boksi la biskuti walilolilipia. Thibault aliisimulia habari hiyo wiki nzima, na kila alipoisimulia jasho liliongezeka.

Irja naye alisalimia. Alisalimia kila mtu, kwa sauti ile ile. Lakini mimi niliyekuwa nyuma yake niliona kwamba kila mlango ulipofunguka mabega yake yalipanda kwanza, ndipo sauti ikatoka. Krismasi ikapita. Mwaka mpya ukaingia na baridi ile inayokaza matundu ya pua. Ziwa liliganda mpaka mbali, na asubuhi tulipokuwa tunasubiri kufunguliwa tulikanyaga kanyaga chini kama farasi. Nilimwona Irja akiangalia barabara, upande mmoja, halafu upande wa pili.

Alikuja mchana wa siku ambayo hakukuwa na wateja wengi. Mlango ulifunguka kidogo tu, kiasi cha mtu mwembamba kupita. Koti la kiume, kofia ya Cattermole. Irja alikuwa ameinama anafunga droo, akamwona kwenye kioo. Niliona mkono wake umeshika pembe ya meza. Nilimwona Thibault pia, alikuwa amekwisha anza kuja, na mimi nikamtikisia kichwa, naye akasimama, akageukia upande wa lifti kana kwamba ameitwa.

Irja akageuka.

"Karibu," alisema. "Nikusaidie nini leo?"

Sirkka alisimama. Alikuwa na jeraha kavu pembeni ya mdomo na macho ya baba yake. Niliona miguu yake imeelekea mlangoni ingawa mwili ulikuwa bado umeelekea kwetu.

"Nje ni baridi," Irja akaendelea, kwa sauti ya kila siku. "Tuna glavu nzuri zimeingia. Weka kiwiko hapa."

Sijui kwa nini hakukimbia. Labda ni ile sauti, labda alikuwa amechoka tu. Alisogea, akaegemeza kiwiko mezani, akanyoosha vidole. Mkono wake ulikuwa umepasuka pasuka, mwekundu mpaka kwenye kifundo. Irja akamvisha kama alivyomvisha mtu mwingine yeyote, kidole kimoja kimoja, hakuharakisha. Alipomaliza mkono wa kwanza akaomba wa pili. Alimvisha na huo. Kisha akabaki ameishika ile mikono miwili ndani ya glavu.

"Baba hajambo?" Sirkka akauliza.

Irja hakumwachia mikono.

"Baba alifariki, mwanangu. Mwaka juzi, theluji ilipokuwa inaisha. Tulikutafuta."

Sirkka aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeelekezwa njia. Akauliza kama aliumwa sana. Irja akamwambia hakuumwa muda mrefu. Akamwambia pia kwamba chumba chake kipo, na kwamba ufunguo anao hapo hapo mkobani, atampa sasa hivi kama anautaka. Sirkka akaitazama mikono yake. Akavuta glavu moja, akavuta ya pili, akazilaza mezani, zikiwa zimetazamana vizuri kama zilivyokuwa.

"Sina cha kulipia," alisema.

"Sikukwambia ulipe."

"Najua, mama."

Akatoka. Irja alifika mpaka mlangoni, akausukuma, akasimama nje kwenye theluji na kiblauzi chake cha kazini. Mimi nilikwenda nikamwekea koti langu mabegani. Barabarani palikuwa na mtu anakwangua kioo cha gari, na basi linaondoka. Hatukujua kama alikuwa ndani ya basi.

Hakuja tena. Februari ikapita, Machi ikapita. Irja aliendelea kumwambia kila aingiaye karibu. Maddock alishuka siku moja akamletea kahawa, akamwuliza, kwa aibu, kama alikuwa amekosea kumshurutisha. Irja alimwambia kwamba hajui. Alimwambia kuna siku anaamka akimchukia, na kuna siku anaamka akikumbuka kwamba ameishika mikono ya mtoto wake, jambo ambalo kwa kofia zilizoibiwa asingelipata hata kwa miaka kumi. Maddock akafuta miwani, lakini safari hii sidhani kama ni kwa sababu ya jambo la kusema.

Theluji ilipoanza kuyeyuka tukahesabu mali. Wizi ulikuwa umepungua kuliko hata wakati wa kufuli, na mauzo yalikuwa yamepanda vya kutosha wenye duka wakasema jengo halitauzwa. Tulikata keki kule mgahawani. Thibault alicheza na mpishi, akajutia magoti yake kesho yake. Irja alikula kipande chake chote, akaniuliza kama nimemaliza, akashuka kabla ya wengine, kwa sababu mezani hakukuwa na mtu.

Simu ilikuja wakati wa kiangazi, mchana, ikapigwa dukani. Mimi ndiye niliyeipokea. Sauti ya mwanamke ikaomba meza ya glavu. Nikasema kiangazi hiki glavu ni chache, nimsaidie nini. Akasema, "Dada Stasia, nipe mama."

Alikuwa Sudbury. Alikuwa amelazwa mahali wanapowasaidia watu kuacha vidonge, akatoka, na sasa alikuwa anaosha vyombo kwenye jiko la hospitali. Hayo Irja aliniambia baadaye. Wakati wa kuzungumza nilimsikia akiuliza tu kama huko kuna mvua, na chumba kina dirisha, na anakula nini. Simu ilipokatika alibaki ameushika mkono wa simu kifuani mpaka nikamwondolea.

Sirkka akawa anapiga baadhi ya Jumapili, nyumbani sasa. Si zote. Zile ambazo hakupiga, Jumatatu yake nilizijua bila kuambiwa. "Zamani alikuwa anakuja na hasemi," Irja aliniambia. "Siku hizi anasema na haji." Alisema bila malalamiko, huku anapanga skafu.

Mwaka uliofuata, wakati wa biashara kupungua, Maddock alimpa likizo bila yeye kuomba, na Irja akapanda basi la kwenda Sudbury. Nilimsubiri kwa hamu, lakini aliporudi ilibidi nimvute maneno kama mtu anayetoa kibanzi kidoleni. Walikula pamoja. Sirkka alimwonyesha jiko, masufuria makubwa anayoyasugua, akamjulisha kwa wenzake, akasema huyu ni mama yangu. Walilala chumba kimoja, mama kitandani, binti chini kwenye godoro, na Irja hakulala sana, alikuwa anasikiliza mtu mwingine akipumua, kitu ambacho alikuwa hajakisikia usiku tangu Veikko. Siku ya kuondoka Sirkka alimsindikiza mpaka stendi, akamnunulia maji ya njiani, akamwambia safari njema.

Nikamwuliza kama alimwomba arudi nyumbani.

Akasema hapana. Alitaka. Jioni ya mwisho maneno yalikuwa yamekwisha fika mdomoni, walikuwa wamekaa mezani, wanakula samaki na viazi. Lakini Sirkka alikuwa anakula vizuri, alikuwa ameongeza mara ya pili, na Irja hakutaka kusema neno ambalo lingemfanya aweke uma chini.